Mita kwa Jina la Binti

6 Machi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, ila masikio ni yale yale. Nashukuru hujachoka kuniandikia barua, maana simu kwangu imebaki kuwa kitu cha kupigia kelele "nini?" mpaka majirani wanatoka nje.

Wale watu wa umeme uliowaagiza walikuja Jumatatu. Dada mmoja fundi, na mwenzake wa kushika ngazi. Waling'oa mita ya zamani, ile yenye kigurudumu kinachozunguka, wakaweka kisanduku cheupe kisicho na chochote cha kuzunguka. Nikamuuliza yule dada kinajuaje umeme nilioutumia. Akacheka, akasema ndiyo maana inaitwa mita janja: inazungumza yenyewe na ofisi, hakuna tena msoma mita wa kuja kukisia. Hilo nimelifurahia. Msoma mita wetu alikuwa anamwogopa mbwa wa jirani yetu Mama Pacha, kwa hiyo miezi mingine mita yangu aliisomea barabarani.

Kazi ipo. Daktari wa meno ameniletea makochi yote ya chumba chake cha kusubiria nibadilishe sponji na kitambaa. Watu wakingoja kung'olewa jino wanang'ang'ania mikono ya kiti, basi kitambaa kimeliwa pale pale tu, kwingine kizima. Nimemshauri tuweke ngozi.

Usishangae mwandiko kuwa mkubwa. Kalamu niliyonunua ni nene.

Msalimie mkwe wangu. Mwambie kiti chake bado kiko sebuleni.

Baba yako


14 Machi

Shikamoo baba,

Barua yako nimeisoma kwenye ngazi za jengo la ghorofa, nikiwa nimepumzika. Tunabadilisha nyaya za lifti ya zamani na tumeshapaka grisi mpaka masikioni.

Nimefurahi kuhusu mita. Sasa nisikilize, kuna mambo mazuri ya kujua. Umeme wa mchana, watu wanapokuwa makazini, ni wa bei nafuu kuliko wa jioni. Ile kompresa ya kusukuma hewa ya stepla ya makochi iwashe mchana. Jioni fanya kazi za mkono.

Jambo la pili ni zito kidogo. Hata saa ambazo hakuna kitu kimewashwa nyumbani, kuna umeme unaotoka. Si wa friji, friji inapanda na kushuka. Huu hauondoki. Mwite fundi akague nyaya, aanzie karakana, ule ukuta unaovuja maji mvua zikinyesha. Tafadhali usiliahirishe hili.

Na baba, punguza kazi. Jumapili cherehani ilianza kabla jua halijatoka na haikupumzika mpaka jioni. Jumanne hukupika kabisa. Umri wako si wa kushinda njaa kwa ajili ya makochi ya watu.

Nakuandikia kwa herufi kubwa na mimi, ili tulingane.

Mwanao


22 Machi

Mwanangu,

Nianze na shukrani, maana haki ya mtu apewe. Fundi alikuja. Alipobomoa plasta ya ukuta wa karakana tulikuta waya umeungua mpaka umekuwa mweusi, na ubao ulio karibu nao umebadilika rangi. Alinitazama akasema, "Mzee, hapa ulikuwa unangoja moto tu." Karakana imejaa sponji, gundi na vitambaa. Isingebaki hata kabari ya mlango. Kwa hiyo mita yako imeniokoa, na wewe umeniokoa. Nimeshukuru kutoka moyoni.

Sasa tuzungumze hilo jingine.

Umejuaje kuhusu Jumanne? Nilidhani Mama Pacha amenisema, nikaenda kumlaumu bure, maskini, akaapa hajaandika neno. Ndipo nikapanda basi hadi ofisi ya umeme. Karani akatazama kompyuta yake, akaniambia kwamba umeme wa nyumba yangu, saa kwa saa, unaonekana kwenye simu yako. Nikasema basi ifungwe. Akasema hawezi, kwa kuwa mita haina jina langu. Ina jina lako. Mwenye jina ndiye mwenye uamuzi.

Nyumba nimeijenga mimi na mama yako, ukuta ni wangu, umeme nalipa mimi, na mita ni ya binti. Nilitoka pale nimenywea kama mtoto aliyefukuzwa dukani.

Nakuomba uifunge hiyo simu yako na uandike jina langu panapostahili.

Msalimie mkwe.

Baba yako


30 Machi

Shikamoo baba,

Nakiri nilipaswa kukuambia. Niliogopa ungekataa mita yenyewe, na ungekataa kweli, nakujua. Kwa hilo nakuomba radhi.

Lakini siifungi.

Mama, Mungu amrehemu, alianguka jikoni asubuhi. Wewe ulikuwa umekwenda kununua sponji, mimi nilikuwa ndani ya shimo la lifti na simu nimeizima kama kanuni zinavyotaka. Aliyemkuta ni Mama Pacha, na ilikuwa jioni. Daktari alisema angekutwa mapema ingekuwa habari nyingine. Neno hilo nimelibeba tangu siku ile. Sasa uko peke yako ndani ya nyumba hiyo hiyo, husikii mlango ukigongwa, unafanya kazi na sindano na mashine, na mimi niko mbali. Kisanduku kile ndicho macho niliyonayo.

Kama hutaki nikutazame, njoo ukae nami. Chumba kipo. Karakana ifungwe, umeshafanya kazi ya kutosha. Ukikubali hilo, mita nitaiondoa kesho yake.

Mwanao


9 Aprili

Mwanangu,

Sawa. Tazama.

Kila asubuhi utaona birika la umeme linachemka. Ukiona birika, jua baba yako yuko sawasawa, endelea na lifti zako. Kwako siji. Mimi si kochi, la kuhamishwa sebule kwa sebule.

Msalimie mkwe.

Baba


25 Aprili

Shikamoo baba,

Nimekuandikia mara mbili, hujajibu. Nilijiambia umekasirika na unayo haki. Lakini leo imebidi niseme.

Birika naliona. Kila asubuhi, kama ulivyoahidi. Baada ya hapo, hakuna kitu. Cherehani haijaguswa. Kompresa kimya. Hupiki, redio huwashi, na jioni ikifika hakuna taa hata moja. Mwanzo nilidhani unafanya makusudi kunikomoa. Sasa naogopa ni jambo jingine. Baba, unakaa gizani? Umeacha kula? Baada ya mama kufariki ulikaa hivyo, unakunywa chai tu na kutazama ukuta, na hukumruhusu mtu kukusemesha.

Tukane ukitaka, lakini nijibu. Barua isipokuja, nitaomba ruhusa kazini nije.

Mwanao


1 Mei

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata na nimecheka sana. Mimi ni mzima kabisa. Kidole changu kimechomwa na stepla, ndiyo sababu mwandiko huu si wangu, nimemwomba Mama Pacha aniandikie. Kwa ajili ya kidole sishoni, na jioni nalala mapema kama kuku, taa ya nini? Chakula naletewa. Usiombe ruhusa wala usipoteze nauli. Msalimie mkwe wangu.

Baba yako

Baba yako ameishia hapo. Sasa ni mimi, Mama Pacha, jirani yenu. Anadhani ninafunga bahasha.

Mwanangu, haya maneno nimeyaandika nikiwa nimekaa kando ya kitanda chake hospitali. Baba yako haoni. Mtoto wa jicho alikuwa kwenye macho yote mawili, kwa muda mrefu kuliko alivyomwambia mtu. Zile Jumapili za kushona tangu alfajiri, ni kwa sababu anayapapasa makochi kwa vidole na kazi ya siku moja inamchukua tatu. Siku ile ambayo hakupika alikuwa amekuja kwangu na mkono umevimba, sindano ya mashine imepita kwenye nyama. Mimi ndiye niliyemwambia akapasuliwe, na akakubali kwa sharti kwamba wewe usijue, maana ungemchukua na karakana ingefungwa. Walianza na jicho moja, likaingia uchafu, wakamzuia asitoke. Sasa kafungwa bandeji macho yote mawili, na ana hasira na nani, sijui.

Birika ni mimi. Alinipa ufunguo na kuniambia, "Asubuhi ingia, chemsha maji, toka." Nimekuwa nikiingia nyumba ya watu kuchemshia chai mzimu. Barua zako mbili za kwanza sikuzifungua, nilimwekea. Hii ya tatu bahasha ilikuwa imeandikwa DHARURA, nikampelekea, nikamsomea. Uliposema "unakaa gizani" aligusa bandeji yake, kisha akaanza kunitamkia uongo huo wa juu.

Mimi mita hizi sizichukii. Yangu imenionyesha friji mbovu iliyokuwa inanila miaka. Lakini nilipokuwa nabonyeza birika lile niliona kwamba mtu anaweza kudanganywa vizuri sana na kitu kisichosema uongo.

Njoo. Nitachukua lawama mimi.

Mama Pacha


2 Juni

Mwanangu,

Naandika kwa mkono wangu na kwa kalamu nyembamba. Kila herufi naiona mpaka mkia. Jana nilitazama dari ya sebule nikagundua ni ya kijani. Nilikuwa na hakika tuliipaka bluu.

Umeondoka wiki iliyopita na tuliagana vizuri, kwa maneno machache. Mimi kwa kusema si hodari, na kwa kusikia ndiyo kabisa. Acha niyaandike.

Siku ulipoingia wodini nilikujua kwa harufu ya grisi. Nikangoja unigombeze. Ukaniinamia sikioni ukasema, "Baba, umenidanganya kwa birika." Nami nikakujibu, "Na wewe umenichungulia ukutani." Muuguzi alidhani tunagombana. Mimi nilikuwa nimefurahi kukusikia, hukulazimika hata kurudia.

Nilikosea. Ningeweza kufa kwenye meza ile ya upasuaji na wewe ungekuwa unatazama chai ikichemka. Hilo nimeliona, na sitalirudia tena.

Lakini kuna jambo moja haliniachi. Muda wote uliokaa hapa, ukinipikia, ukiniwekea dawa machoni, hakuna aliyekupigia simu kukuuliza umelalaje. Nikakuuliza mkwe yuko wapi. Ukaniambia, huku unaosha vyombo, kwamba alihama tangu mwanzo wa mwaka. Mwanzo wa mwaka, mwanangu. Nimekuwa nikimsalimia mtu asiyekuwepo, na wewe unazipokea salamu zangu na kuziweka mfukoni. Wewe ulijua saa niliyochemsha maji. Mimi sikujua kwamba mwanangu anarudi kwenye nyumba tupu. Sisi wawili, nani alikuwa gizani?

Wala sikusuti. Nakuambia kwamba tumefichana sawa kwa sawa, na mita haikumsaidia yeyote kati yetu.

Ile karatasi ya kubadilisha jina niliiweka juu ya begi lako. Uliiacha mezani bila sahihi. Nimeituma tena ndani ya bahasha hii. Nitaituma na mwezi ujao, na unaofuata. Macho ninayo sasa, stempu nitanunua.

Baba yako


12 Juni

Shikamoo baba,

Nilipoikuta karatasi ndani ya bahasha nilikasirika, nikaenda nayo kazini ili nisiitazame nyumbani. Nikaitazama kazini.

Tuliitwa kwenye jengo la ofisi, lifti imesimama katikati ya ghorofa. Kwenye paneli kila kitu kilikuwa sawa: mlango umefungwa, uzito umo ndani, hitilafu hakuna. Mwenzangu akasema ni mizigo imeachwa, tule kwanza. Nikapanda, nikaweka mdomo kwenye upenyo wa mlango, nikauliza, "Kuna mtu?" Sauti ya mwanamke ikajibu kwamba yumo, ila alikuwa anaona aibu kupiga kelele. Tukamtoa.

Miaka yote hii najua kwamba paneli inapima uzito, haimjui mtu. Nawafundisha hilo hata wageni wa kazi. Nyumbani nikalisahau.

Kuhusu mkwe wako: sikusema kwa sababu nilijua ungesema nirudi nyumbani. Ungesema chumba kipo. Neno kwa neno kama nilivyokuwa nakuambia wewe. Sitaki kurudi. Nalia siku nyingine, halafu nakwenda kazini, na kazi naipenda. Nitakaa hapa mpaka nisimame vizuri kwa miguu yangu. Nadhani wewe, kuliko mtu yeyote, utanielewa.

Karatasi nimetia sahihi, imo humu. Nyumba yako nimeifuta kwenye simu yangu mbele ya karani wa ofisi ya huku, ili nisije nikabadili mawazo njiani.

Ninachotaka nakitaja, uamuzi ni wako: waya ukiungua tena, mtu mmoja apate habari.

Mwanao


25 Juni

Mwanangu,

Mita ina jina langu. Nililipata kwa jasho, nikueleze.

Karatasi niliipeleka Alhamisi. Ijumaa niko katikati ya kochi la mwisho la daktari wa meno, kompresa ikakata pumzi, taa ikazimika. Kwa Mama Pacha umeme upo. Hakuna aliyebisha hodi, hakuna aliyepanda nguzo. Mtu amekaa ofisini huko amebonyeza. Nikavaa viatu, nikaenda. Karani akasema mfumo umeona jina lako limetolewa, ukadhani mwenye nyumba amehama, kwa hiyo umekata. Nikamwambia, "Mwenye nyumba ndiye huyu anayekusemesha." Akasema nirudi Jumatatu. Nikasema sirudi, nitakaa. Nikakaa kwenye benchi lao, benchi baya, sponji imekufa kabisa, na kila mtu aliyeingia akinisalimia nilimweleza kilichonileta, kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri. Kabla hawajafunga, msimamizi alitoka mwenyewe. Umeme ulirudi nikiwa bado niko pale pale.

Nikamuuliza yule msimamizi: kama ningekuwa mgonjwa wa mashine ya kupumulia, ningekuja kukaa kwenye benchi gani? Akaahidi kwamba kwangu hawatakata tena bila mtu kuja mlangoni. Nikamwambia hainitoshi, iwe mtaa mzima. Jumamosi tunakutana uani kwa Mama Pacha, mbwa atafungwa. Tunataka mawili. Wasikate bila kubisha hodi, na anayeishi ndani ndiye aulizwe nani atazame saa zake. Mita hatuzikatai, mimi ndiye nimewaeleza habari ya waya, na kompresa sasa naiwasha mchana kama ulivyonifundisha. Tunachokataa ni kupitwa kama tumeshakuwa samani.

Nimepanga hivi. Hitilafu ikitokea, ujumbe uende kwako na kwa Mama Pacha. Hilo nimeshaliandikisha. Saa zangu zitabaki zangu: nikishona alfajiri, nikilala mchana, nikiacha kupika kwa uvivu tu, hilo ni la kwangu na sufuria zangu.

Ila sasa naweza kusoma, hata yale maandishi madogo kama mchwa kwenye simu. Namba unayo. Ukitaka kujua kama nimeamka, niulize. Ukiuliza kila siku, nitakujibu kila siku.

Baba yako


29 Juni, asubuhi, kwenye simu

Shikamoo baba. Umeamka?


Marahaba. Nimeamka. Na wewe?


Nimeamka baba. Lakini sikulala vizuri. Una nafasi nikueleze?


Ninayo. Anza.